Baada ya Idi, Alfajiri yangu hupotea: nifanyeje?

Muuza vitambaa, Jinja

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zangu, ninaomba ushauri juu ya jambo linalonirudia kila mwaka. Mwezi wa Ramadhani unapoandama mimi huwa mtu mwingine: ninaamka kula daku, ninasali Alfajiri kwa jamaa, ninasoma juzuu moja, yaani sehemu moja kati ya thelathini za Qurani, kabla ya kupanga vitambaa vyangu sokoni, na usiku sikosi tarawehe hata kama nimesimama kutwa. Idi ikipita, wiki ya kwanza ninajitahidi, ya pili ninasali Alfajiri jua limeshachomoza, na ya tatu msahafu umerudi juu ya kabati. Je, imani yangu ya Ramadhani ilikuwa ya kweli?

Mwalimu wa madrasa, Mbale

Wa alaykumu salaam. Ndugu yangu, usiitilie shaka ibada uliyoifanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Tazama badala yake ni nani waliokuwa wakikusaidia. Aliyekuamsha daku alikuwa jirani, waliokungoja msikitini walikuwa jamaa, na hata mteja alijua kwamba jioni huuzi kwa sababu unawahi futari. Usiku wa Idi wote hao huondoka kwa pamoja, nawe unabaki ukitaka kuubeba peke yako mzigo uliokuwa ukibebwa na mtaa mzima.

Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Kwa hiyo acha kujilazimisha juzuu nzima. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Ukisoma kurasa mbili tu kila baada ya Alfajiri, utahitimu kwa siku 302, yaani kabla ya Ramadhani nyingine kuingia, na bado utakuwa na siku zaidi ya 20 za kufidia zile ulizougua au kusafiri.

Mama wa Bombo

Mwanangu, ninaongeza la upande wetu akina mama. Sisi wengi hatutoki Ramadhani bila deni, kwa kuwa zipo siku za hedhi ambazo ni lazima tuzilipe, na deni hilo, ambalo zamani nililiahirisha mpaka Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, kwa kuliona zito, ndilo lililonifundisha kudumu. Siku hizi jirani yangu na mimi tunalilipa mara tu Idi inapopita, kisha tunaingia katika saumu sita za Shawwali, mwezi unaofuata Ramadhani, ambazo Mtume (s.a.w.) alisema kuwa mwenye kuzifuatishia Ramadhani huwa kama aliyefunga mwaka mzima, na baada ya hapo tunashika saumu ya kila Alhamisi. Anayeamka kwanza humgongea mwenzake dirisha, na jioni tunafuturu pamoja kwa uji na mihogo. Isitoshe, sisi tunaoishi karibu na ikweta tumepewa wepesi ambao Waislamu wa Ulaya hawana: mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo saumu ya mwezi wowote haiwi ndefu kuliko ile uliyokwisha kuiweza.

Mzee wa Kibuli

Wenzangu wamesema vyema, lakini wamezungumzia msahafu na saumu peke yake, na aliyeuliza ni mfanyabiashara. Mtume (s.a.w.) alisema kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Mwenyezi Mungu hana haja ya yeye kuacha chakula chake na kinywaji chake. Basi jiulize pia kama kipimo chako cha Ramadhani ndicho kipimo chako cha Shawwali, kwa maana Sura ya 83 imewaonya kwa ukali wanaopunja.

Katika nchi hii yetu ya Uganda, Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, alifunga Ramadhani kwa miaka kama kumi, kuanzia 1867, na vijana wengi wa kasri lake wakasoma dini. Mwaka 1876 makumi ya vijana hao waliuawa Namugongo kwa amri yake mwenyewe. Walichokishikilia hakikuwa ibada ya msimu: walikataa nyama ya kasri ambayo haikuchinjwa Kiislamu, na walikataa kusali nyuma ya mtu asiyetahiriwa. Ninapopita Namugongo huwa ninawaza kwamba walijaribiwa katika chakula cha kawaida cha siku ya kawaida.

Muuza vitambaa, Jinja

Mwenyezi Mungu awalipe kheri, Mwalimu, Mama na Mzee. Kesho ni Alhamisi. Nimezungumza na kijana anayeuza viatu kando yangu, na tumekubaliana kwamba atakayeamka kwanza atampigia mwenzake simu saa kumi alfajiri. Kurasa mbili nimezianza leo. Ama neno la Mzee, limenigusa mahali ambapo sikuuliza: fimbo yangu ya mita ilikuwa imelika ncha kwa muda mrefu, nami nilikuwa ninajua. Mchana huu nimenunua mpya.