Naombeni ushauri: sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, na naishi Mwanza

Wakuu, habari zenu. Nakaa Kirumba, jirani kabisa na soko la samaki la Mwaloni, na sili tena chochote kitokanacho na mnyama. Hata asali nimeacha. Nyumbani sina shida: maharage, choroko, kisamvu cha karanga, asubuhi michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa). Shida ni nje. Kwa mama ntilie mchicha umeungwa na dagaa, na maharage yanachotwa kwa upawa uleule wa mchuzi wa sangara. Ukweni Ukerewe ndiyo balaa: unawekewa sato mzima, ukikataa umewadharau. Mke wangu anasema nile siku hiyo tu yaishe. Sitaki.

Wakwe mnawaambiaje bila kuwavunjia heshima? Na vidonge vya vitamini B12, ambayo kwenye mboga haipatikani, hapa mjini mnanunua wapi kwa bei ya kueleweka?