Naomba ushauri: kutu ya Land Rover ya mwaka 1974, nataka kuitengeneza mwenyewe nyumbani

Wa Ipagala: Wakuu, heshima kwenu. Marehemu baba aliniachia Land Rover Series III fupi, ya petroli, iliyokaa Tanga miaka mingi kabla ya kuletwa hapa Dodoma. Bodi imeshika kutu, nami nimekusudia kuishughulikia uani kwangu kwa brashi ya waya, msasa na pati ya kuzibia matundu, kwa sababu gereji 2 nilizokwenda zimenitajia bei ya kununulia ng'ombe. Baada ya kusugua, praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga kutu, ipigwe siku hiyohiyo au ingoje?

Mzee wa Kizota: Mwanangu, mimi nilikuwa na Peugeot 504, tukienda Singida wakati barabara ilikuwa vumbi tupu. Dumu la maji lilimwagika chini ya zulia, tukapuuza, na siku tulipolifunua zulia tukaiona barabara ikipita chini ya miguu yetu. Gari lile lilikuwa na heshima zake.

Mama Zabibu: Kabla ya kuuliza habari za praima, tuambie kama mirathi imekamilika na kadi imebadilishwa jina, maana utalisugua wewe na kesho ndugu zako watalidai likiwa linang'aa.

Msema Kweli: Uzi huu umetungwa. Mapande ya bodi ya Land Rover hizo, tangu zilipoanza mwaka 1948 wakati chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, ni ya alumini, na alumini haishiki kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe, hasa inapogusana na chuma. Mwenye uzi atueleze alisugua nini.

Wa Ipagala: Shikamoo mzee wa Kizota. Ndugu Msema Kweli, sikutunga. Kutu iko kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, upande wa kulia, na tundu lake linaingiza vidole vitatu. Nimekwisha kulijaza pati na kulipaka rangi nyeusi, na kwa kweli limependeza. Mashine ya kuchomelea nimeikodi kwa Jumamosi ili niongeze kibati juu yake. Sikulitaja kwa kuwa nilijua mngenikatisha tamaa, na fedha ya mashine nimeshalipa.

Fundi wa Chang'ombe: Kaka, pati haibebi uzito, na ukichomelea juu yake itaungua na chuma hakitashikana. Itoe yote, kata kilichooza mpaka ufike kwenye chuma kizima, kisha uweke chuma kisichopungua milimita 2, na praima upige siku hiyohiyo. Kubwa zaidi, tangi la petroli la gari hilo liko chini ya kiti cha mbele, upande huohuo wa kulia. Litolewe, lipelekwe mbali na ua, hata likiwa tupu, kwa maana mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Betri nayo iondolewe. Ila kwanza gonga chesisi yote kwa nyundo ndogo, na panapotoa mlio mzito bonyeza kwa bisibisi.

Msema Kweli: Naomba radhi nusu. Nusu nyingine inangoja picha.

Mzee wa Kizota: Marahaba. Ile 504 hatimaye tuliiuza Manyoni.

Wa Ipagala: Nimerudi. Upande wa kushoto, ambao sikuugusa kwa kuwa ulionekana mzima, bisibisi imezama mpaka kwenye mpini. Mashine nairudisha leo. Fundi wa Chang'ombe, je, huwa unafika Ipagala?