Msimbo G26 unaweza kusimama peke yake?

Swali: Ndugu wataalamu, daktari ameandika kwamba mgonjwa ana matatizo ya mjongeo wa mwili yaliyosababishwa na ugonjwa mwingine uliothibitishwa. Niliweka msimbo wa matatizo hayo, G26, kama utambuzi mkuu, lakini dai la malipo likarudishwa. Nimekosea wapi?

Jibu la 1: Hukukosea msimbo, ndugu yangu, bali mpangilio. Katika ICD-10, yaani orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, G26 ina alama ya kinyota, maana yake inaeleza dhihirisho tu, na ni lazima itanguliwe na msimbo wa ugonjwa wa msingi wenye alama ya msalaba. Toleo la Marekani halitumii alama hizo, ila linaagiza waziwazi kwamba ugonjwa wa msingi uandikwe kwanza.

Jibu la 2: Naongeza kwamba kabla ya kuikimbilia G26 ni vema kuhakikisha hakuna msimbo mahususi zaidi, kwa sababu korea (mijongeo ya mwili isiyodhibitiwa) ya homa ya baridi yabisi ipo I02, ugonjwa wa Huntington G10, na korea inayotokana na dawa G25.4. Vivyo hivyo, katika toleo la kimataifa, dalili za Parkinson zinazoletwa na kaswende huandikwa A52.1 pamoja na G22, wala si G26.

Muulizaji: Ahsanteni. Ugonjwa wa msingi ulikuwa kwenye faili. Mimi ndiye niliyeuacha nje ya dai.