Vyuo vya kompyuta Mwanza, kitabu cha rejea cha Access si kozi! Acheni kula ada za watu

Wakuu salaam, ila leo salaam yenyewe fupi.

Hapa mjini umekuwa mchezo. Kijana analipa ada ya "kozi ya kanzidata", anapewa kitabu cha Access, programu ya Microsoft ya kutengeneza kanzidata, chenye kurasa elfu na ushee, au PDF yake kwenye flashi, anaambiwa aanze sura ya kwanza na kwenda mbele. Mwalimu yuko pembeni na simu yake. Kozi ikiisha kijana ana cheti na anajua kupaka fomu rangi. Mpe sasa daftari la mizigo la pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba aligeuze kuwa majedwali: anakuletea jedwali moja lenye safu arobaini, Gunia1, Gunia2, Gunia3, halafu Malipo1, Malipo2. Hiyo ni Excel iliyovalishwa koti.

Kitabu chenyewe sikitukani. Kimeandikwa kwa mtu mwenye kazi mezani aliyekwama mahali: anafungua faharasa, anasoma kurasa tatu, anakifunga. Kumpa mtu asiyejua uhusiano wa majedwali ni nini akisome kama riwaya ni kumtupa ziwani bila kumfundisha kuogelea, na bado umemtoza nauli ya mtumbwi.

Tena matoleo yenyewe! Bado kuna watu wanafundishia kitabu cha Access 2003. Menyu zile ziliondoka toleo la 2007 lilipoleta utepe wa juu na faili la .accdb badala ya .mdb. Sura ya kumpa kila mtumiaji haki zake? Kwenye .accdb ulinzi ule haupo. PivotTable (jedwali la muhtasari) iliondolewa toleo la 2013. Msimbo wa VBA (lugha ya kuandikia programu ndani ya Office) wenye neno Declare unagoma kwenye Office ya biti 64 mpaka uongeze neno PtrSafe. Mwanafunzi anatafuta kitufe ambacho hakipo, anajiona mjinga, kumbe aliyemkabidhi kitabu ndiye hajakifungua.

Sasa tuongee kazi, kwa mfano wa dagaa wanaoletwa Kirumba kutoka Ukerewe na Ukara. Majedwali ni manne: Wachuuzi (MchuuziID, Jina, Simu, Mwalo), Mizigo (MzigoID, MchuuziID, TareheMzigo), Bidhaa za mzigo (MzigoID, aina, magunia, bei) na Malipo (MzigoID, TareheMalipo, Kiasi). Mzigo ukiwa na magunia ya aina tano, ni mistari mitano kwenye jedwali la tatu, siyo safu tano.

MchuuziID kwenye Wachuuzi ni AutoNumber, namba inayojijaza yenyewe. Kwenye Mizigo iwe Number ya Long Integer (namba nzima), na kama sehemu ya Default Value (thamani inayojijaza usipoandika kitu) ina 0, ifute. Ukiiacha, mzigo uliosahau kumchagulia mchuuzi unamtafuta mchuuzi namba 0, hayupo, na mstari unakataa kuhifadhiwa. Simu ni Short Text (maandishi), jamani. Ukiiweka Number, sifuri ya mbele inapotea, na ukianza na 255 namba inazidi 2,147,483,647, mwisho wa Long Integer. Pesa ni Currency. Single, aina ya namba yenye desimali, ina tarakimu kama 7 tu za uhakika. Shilingi 12,345,678 tayari ni tarakimu 8. Mwalimu anayefundishia mfano wa dola 40 hawezi kuliona tatizo hili, ila mwaloni utaliona wiki ya kwanza.

Ukishamaliza, Database Tools, Relationships, vuta MchuuziID juu ya mwenzake, weka tiki ya Enforce Referential Integrity, inayokataa mzigo wa mchuuzi asiyekuwepo. Ya Cascade Delete usiiweke: ukimfuta mchuuzi mmoja anaondoka na mizigo yake, na ukiwa umeiweka mpaka chini, malipo nayo yanamfuata. Ikikataa kuunganisha, ama aina za safu hazifanani ama kuna mizigo yatima, yaani ambayo mchuuzi wake hayupo. Find Unmatched Query Wizard itakuonyesha yatima hao.

Na hapa ndipo "wahitimu" wote wanapoanguka: deni. Chukua mzigo wenye bidhaa mbili, 400,000 na 300,000, uliolipwa mara tatu 200,000. Deni ni 100,000. Kijana anaweka Mizigo, Bidhaa na Malipo kwenye kwiri (swali unaloiuliza kanzidata) moja, anapiga Sum, yaani jumla. Access inazidisha mistari 2 kwa 3, inapata 6: bidhaa zinakuwa 2,100,000, malipo 1,200,000, deni 900,000. Hakuna ujumbe wa kosa. Ripoti inachapwa, mchuuzi anadaiwa laki nane asizokopa, watu wanashikana mashati. Dawa: kwiri ya kwanza ijumlishe Bidhaa kwa MzigoID, ya pili ijumlishe Malipo kwa MzigoID, ya tatu ianze na Mizigo na kuziunga zote mbili kwa LEFT JOIN, na kila jumla uifunge kwa Nz(...,0), inayogeuza tupu kuwa 0. Bila LEFT JOIN, mzigo ambao haujalipwa hata senti unatoweka kwenye orodha ya madeni, yaani yule hasa unayemtafuta. Bila Nz, deni lake linabaki tupu.

Tarehe nayo. Kwenye gridi ya kwiri Access inafuata mpangilio wa Windows, ndiyo maana majaribio yanapita. Ukihamia SQL (lugha ya kuandikia kwiri) au VBA, #03/05/2024# siyo tarehe 3 Mei, ni 5 Machi, kwa sababu pale inasomwa Kimarekani. Ukiandika #25/05/2024# inaelewa yenyewe kuwa hakuna mwezi wa 25 na inanyamaza. Kwa hiyo ripoti zinaharibika tarehe 1 hadi 12 tu, halafu zinapona. Andika Format(tarehe, "\#yyyy\-mm\-dd\#"), basi.

Nani ameyafundisha haya wiki ya kwanza? Nasubiri chuo kimoja kije hapa kijitetee.

Jibu la 1, Fundi wa Igogo:
Mkuu umepiga penyewe, ila umesahau umeme. Wanaweka faili moja kwenye folda ya pamoja, mashine nne zinalifungua kwa Wi-Fi, umeme unakatika katikati ya kuandika, faili limeharibika. Ligawanye: Database Tools, Access Database kwenye kundi la Move Data. Faili la data likae mashine moja yenye UPS (betri ya akiba), na swichi nayo iwe kwenye UPS. Fomu na ripoti kila mtu awe na nakala yake kwenye mashine yake. Tumia waya. Na usiliweke faili la data kwenye folda ya OneDrive ukadhani ndiyo mtandao.

Jibu la 2, Dada Takwimu:
Mimi nakitetea kitabu kidogo. Sehemu ya funksheni za DLookup (kutafuta), DCount (kuhesabu) na IIf (kuchagua kwa sharti) sijaona mahali pengine imepangwa vizuri hivyo. Ninachokataa ni zile kurasa za Lookup Wizard ndani ya jedwali. Safu inaonyesha "Nansio" kumbe ndani imehifadhi namba yake, 7. Ukichuja kwa kuandika "Nansio" kwenye kwiri inakugomea. Kombo (orodha ya kuchagua) iwekwe kwenye fomu.

Mwanzisha uzi:
Dada, hapo kwenye Lookup nakubali. Fundi, ongezea na hili: Compact and Repair (kulibana na kulirekebisha faili) inafanywa watu wote wametoka na nakala ya akiba imeshachukuliwa. Ukiona faili la kufuli la .laccdb bado lipo, kuna mtu hajatoka, au mashine yake ilizimika vibaya. Na mwisho wa faili moja ni 2 GB, kwa hiyo acheni kubandika picha za vitambulisho vya wachuuzi ndani ya jedwali. Weka picha kwenye folda, jedwalini andika njia ya kuifikia.