Mchezo wetu wa bao mtandaoni: tuuweke ndani ya mtandao wa kijamii wa wengine, na tuuze nini?

KeteSitiniNaNne aliandika:

Ndugu zangu wa jamvini, nawasalimu. Sisi ni vijana watatu wa Dar es Salaam. Kwa mwaka mmoja na nusu tumekuwa tukitengeneza programu ya kuchezea bao la Kiswahili kwenye simu, lile la mashimo 32 na kete 64, lenye nyumba (shimo kuu la kila mchezaji), kunamua (kuingiza kete za mkononi) na kutakata (kucheza bila kula kete) kama wazee wanavyolicheza barazani. Watu wawili walio mbali wanaweza kucheza papo hapo huku wengine wakitazama na kutia maneno, kwa kuwa bao lisilo na watazamaji wenye maneno tuliliona pungufu tangu mwanzo. Tunao wachezaji wapatao mia nne, wengi wao jamaa na rafiki za jamaa, na hadi leo hakuna aliyelipa hata shilingi moja, ilhali seva inadai malipo yake kila mwezi.

Mwenzetu mmoja anataka tuuhamishie mchezo wote ndani ya mtandao mkubwa wa kijamii, watu waingie kwa akaunti walizonazo tayari na kualikana humo humo. Mwingine anataka tuuze kete za ziada pamoja na maboksi ya bahati, ambayo mchezaji hulipia bila kujua kilichomo. Mimi nayahofia yote mawili, ila sina hoja za kuwaeleza wakanielewa. Mwenye ujuzi wa biashara hii naomba anisaidie.

BabaMaulidi alijibu:

Mdogo wangu, hofu yako ya kwanza ina msingi, na kisa chake kimekwisha kuandikwa. Kampuni ya Zynga ya San Francisco ilianzishwa mwaka 2007, na Juni 2009 ikatoa FarmVille ndani ya Facebook. Ulikuwa mchezo wa shamba: unapanda, unasubiri, unavuna. Stroberi zilikomaa kwa saa nne, na usiporudi kwa wakati zinanyauka, hivyo mtu alijikuta akipanga siku yake kwa kufuata shamba lisilokuwepo. Jirani akikupa zawadi unajiona una deni la kumrudishia, na kila zawadi ilikuwa tangazo lililomfikia rafiki mwingine bila kampuni kulilipia. Mapema mwaka 2010 wachezaji wa mwezi mmoja walizidi milioni 80.

Hata hivyo, mlango ule ulikuwa wa Facebook. Watu walipochoshwa na taarifa za ng'ombe wa FarmVille waliopotea, Facebook ilizipunguza mwaka huo huo wa 2010, na njia ya kupata wachezaji bure ikabana. Kuanzia Julai 2011 michezo yote iliyokuwa humo ililazimika kutumia sarafu ya Facebook yenyewe, na katika kila dola asilimia 30 ikabaki kwa mwenye mtandao. Zynga ilikuwa mpangaji mkubwa kiasi kwamba mapato yaliyotokana nayo yalikuwa asilimia 12 ya mapato yote ya Facebook mwaka 2011, na bado haikuepuka makato hayo. Desemba mwaka huo iliuza hisa zake kwa dola 10 kila moja. Haikufika miezi minane, hisa hiyo ilikuwa karibu dola 3. Kulikuwa na sababu nyingine pia, hasa watu kuhamia kwenye simu, lakini kampuni iliyozoea kupata wachezaji kwenye ua wa mwingine haikujua kuwafuata walipoondoka uani.

Nami niliwahi kufanya kazi na kikundi kidogo kilichopeleka mchezo wake wa maswali kwenye mtandao mmoja. Siku masharti yalipobadilika hatukuwa na namba ya simu ya mchezaji hata mmoja, na watu tuliowakusanya kwa miaka miwili tukawapoteza kwa wiki moja. Kwa hiyo, lolote mtakaloamua, orodha ya wachezaji, alama zao na kumbukumbu za michezo yao vikae kwenye seva yenu.

Mkaazi_wa_Kisauni alijibu:

Kwa heshima, Baba Maulidi, nakubaliana nawe nusu. Kijana ana wachezaji mia nne. Akibaki uani kwake peke yake, mwakani watakuwa mia tano, na seva itakuwa imezimwa kwa kukosa fedha. Kampuni ya King nayo ilipitia uani kwa wengine: Candy Crush Saga ilitoka Facebook Aprili 2012, na Novemba mwaka huo huo ikatoka kwenye simu, ambapo mchezaji aliendelea hatua ile ile aliyoishia kwenye kompyuta. Facebook waliitumia kama kivuko. Ningewashauri hawa vijana waruhusu mtu amwalike mwenzake kwa kiungo kupitia mtandao wowote anaoutumia, na kiungo hicho kimlete kwenye programu yao. Uhamisho wa mchezo mzima ndio ningeukataa.

Na watazamaji wenye maneno, ndugu yangu, ndio mali yenu kubwa. Mchezo mkali ukiisha, mpeni mshindi picha fupi ya mtaji wake wa mwisho, yaani mchezo wa kula kete uliomaliza, aitume kwenye kundi la mtaa. Hapa Mombasa hiyo peke yake ingeleta ubishi wa wiki nzima.

FundiAsha alijibu:

Kaka, wenzangu wameshaeleza habari ya mlango. Mimi niseme juu ya bidhaa, kwa kuwa hapo ndipo mwenzenu anaweza kuuharibu mchezo.

Msiuze kete kabisa. Bao huanza na kila upande kuwa na kete 32, kumi zikiwa ubaoni na 22 mkononi, na anayeshindwa anajua kwamba amezidiwa akili. Siku mtu atakaponunua kete ya 33, ushindi wote humo ndani utatiliwa shaka, hata ule wa asiyenunua, na mafundi mnaowategemea kuvuta watazamaji wataondoka wa kwanza. Uzeni sura: ubao wa mvule wenye nakshi, kete za komwe, jina la mchezaji kwenye baraza lake mwenyewe, nafasi ya kuandaa mashindano ya mtaa. Vitu hivyo havibadilishi hesabu ya mchezo hata chembe.

Maboksi ya bahati nayo yaacheni. Mwaka 2012 mamlaka ya kulinda walaji ya Japani iliharamisha aina moja ya bahati nasibu hizi, ile ya kukusanya seti nzima ili upate zawadi kubwa, na mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ikasema kuwa maboksi ya kulipia katika baadhi ya michezo mashuhuri ni kamari. Kwetu, wachezaji watawaomba pia muwawekee dau la fedha. Mkikubali tu, mmeshaingia kwenye kazi inayohitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania, na pia mtakuwa mmewafungulia watoto mlango ambao mimi binafsi siwezi kuutetea mbele ya mzazi yeyote.

Kuhusu hesabu, katika michezo ya bure wanaolipa ni wachache sana, pengine wawili au watatu katika mia. Kwa mia nne mlionao hao ni watu wanane hadi kumi na wawili. Duka la programu nalo hukata asilimia 15 kwa wadogo kama ninyi, wenye mauzo yasiyofika dola milioni moja kwa mwaka. Zaidi ya hayo, wachezaji wetu wengi hawana kadi ya benki, fedha yao iko kwenye simu. Ulizeni mapema ni njia zipi za malipo ya simu ambazo duka linazipokea nchini kwenu, na bei iwe ndogo, ya shilingi mia tano au elfu moja. Programu nayo iwe nyepesi, maana mtu hafuti picha za watoto wake ili apate nafasi ya bao.

KeteSitiniNaNne aliandika:

Nawashukuru sana, hasa kwa hesabu ya watu kumi na wawili, ambayo hatukuwahi kukaa tukaipiga. Jana usiku nimewasomea wenzangu majibu yote. Kete za ziada na maboksi tumeyafuta. Tutaanza na viungo vya mwaliko na picha ya mtaji wa mwisho, kisha ubao wa mvule kwa shilingi elfu moja. Dada Asha, limebaki jambo moja linalotugawa: je, anayeandaa mashindano ya mtaa alipe yeye peke yake, au kila mshiriki achangie kidogo? Mwenzetu mmoja anasema mchango wa washiriki ukirudi kwa mshindi utakuwa dau kwa jina jingine, nami naona ana haki.

FundiAsha alijibu:

Ana haki. Alipe mwandaaji peke yake, na zawadi ya mshindi iwe ubao, isiwe fedha.