Mashine ya kufulia haijazi maji, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu. Mashine yangu ya kufulia, ya mlango wa mbele, ukiiwasha mlango unajifunga na inaunguruma, ila maji yanachuruzika kidogo mno, kisha inasimama na kuonyesha alama ya kukosa maji. Kumwaga maji inamwaga vizuri.

Nimefungua mpira wa nyuma nikachomoa kile kichujio kidogo cha kwenye valvu ya kuingiza maji. Kilikuwa kimejaa mchanga na kutu. Nimekisugua kwa mswaki, ikapata nafuu kidogo tu.

Maji yanatoka kwenye simtanki, juu ya mnara wa mita 3 hivi. Kimo cha mita 10 ndiyo kinatoa presha ya karibu ba 1, kwa hiyo mimi napata kama 0.3, na kitabu cha mashine kinataka angalau 0.5. Fundi anasisitiza valvu imekufa. Sijaridhika: nikimimina maji kwa ndoo kupitia droo ya sabuni, inaanza kufua bila shida, kwa hiyo tatizo liko kwenye maji kuingia tu, ila hilo halionyeshi kama ni valvu au ni presha.

Mwenye uzoefu, nianze na pampu ndogo ya kuongeza presha, au valvu inaweza kupimwa kwanza? Na pampu hizo zinahimili umeme unaopanda na kushuka? Nina mtoto mchanga, nguo zinarundikana.