Je, kaunti inaweza kutangaza dharura kabla ya Sabaki kufurika?

Mkulima wa Sabaki

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Tumezozana barazani, na kwa kuwa kila mmoja ameshikilia lake, nimeona nilete suala hili mbele ya wanaojua sheria na wanaojua maji. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa na upepo mkali katika mwambao wetu wa Kenya, je, gavana wa Kilifi anaweza kutangaza dharura papo hapo, kabla hata nyumba moja haijaingiwa na maji, au sheria inamtaka asubiri mpaka hasara ionekane? Wapo wanaodai kwamba kule Marekani magavana hutangaza siku mbili tatu kabla ya kimbunga kufika, na kwamba sisi hapa tunachelewa kwa uzembe tu. Wengine wanashikilia kwamba kwetu jambo hilo ni la Rais peke yake.

Siulizi kwa ubishi. Sisi wenye mashamba ya ukingoni mwa mto Sabaki ndio wa kwanza kuambiwa tuhame, na chifu anapopita na kipaza sauti, mtu huwa ana pampu, mipira ya kunyweshea, mbuzi na magunia ya mahindi, vyote vikingoja bodaboda moja ya kuvifikisha barabara ya lami, na nauli ya siku hiyo si ya siku nyingine. Wako wanaoamua kulala na mali yao ukingoni kwa sababu hiyo tu, wala si kwa ukaidi kama tunavyosemwa. Basi naomba kufahamishwa: tangazo la kaunti linafungua nini hasa, na linaweza kutolewa mapema kiasi gani?

Karani Mstaafu

Wa alaikumu salaam, ndugu Mkulima. Wazee wa barazani wamechanganya mambo mawili. Lipo lile la Kifungu cha 58 cha Katiba ya 2010, yaani hali ya hatari ya nchi, ambayo hutangazwa na Rais kwa sababu ya vita, uvamizi, uasi, machafuko, janga la kimaumbile au dharura nyingine ya umma, na ambayo haipiti siku 14 bila ya Bunge la Taifa kuiongezea muda. Hapo gavana hana sauti. Lakini Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limeandika usimamizi wa majanga katika orodha zote mbili, ya serikali ya kitaifa na ya kaunti, kwa hiyo kaunti haina haja ya kuomba ruhusa ili ianze kushughulikia mafuriko yanayokuja. Gavana anaposimama mbele ya waandishi wa habari na kusema kwamba mafuriko ni dharura, hapunguzi haki ya mtu wala haongezi mamlaka ya polisi. Anaweka msingi wa kutumia fedha ambazo hazikupangiwa kazi hiyo katika bajeti.

Fedha hizo ni za Hazina ya Dharura ya kaunti, na masharti yake yamo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kuanzia kifungu cha 110 hadi cha 115. Mwenye kuidhinisha malipo ni waziri wa fedha wa kaunti, si gavana, naye lazima aridhike kwamba haja ni ya haraka, haikutazamiwa, na kwamba malipo yana maslahi kwa umma. Jibu lako limo humo: sheria inazungumzia tukio linalotishia maisha ya watu au mazingira, haikusema tukio ambalo limekwisha kuua na kubomoa. Kungoja mpaka watu wapande juu ya paa si sharti la sheria, ni mazoea ya maofisi. Hata idhini ya bunge la kaunti huombwa ndani ya miezi miwili baada ya malipo kufanyika, si kabla.

Kizuizi ni kiasi. Malipo ya mwaka hayaruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti kwa mujibu wa hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai ukaisha 30 Juni, jambo ambalo wengi hawalitilii maanani, kwa maana vuli na masika inayoifuata huangukia mwaka mmoja. El Niño ya mwishoni mwa 2023 na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalikuwa misimu miwili kwa wananchi, lakini katika vitabu vya hesabu ni mwaka mmoja wa 2023/24 wenye kikomo kimoja. Kaunti iliyomaliza fungu lake Novemba iliingia masika mikono mitupu. Kwa maoni yangu ndiyo sababu maofisa husita: mawingu wanayaona, ila wanahesabu miezi iliyobaki.

Nahodha wa Mayungu

Salaam kwenu. Ya sheria nawaachia wenyewe, mimi nitasema la maji. Mkitafuta wakati wa kutangaza, msiitazame mbingu ya Malindi. Sabaki ni mto wa bara: huanza kwa jina la Athi kule nyanda za juu karibu na Nairobi, ukakutana na Tsavo ukawa Galana, ndipo ukafika kwetu kwa jina tunalolijua. Mvua iliyonyesha huko huchukua siku kadhaa kushuka, na maji yake yanaweza kuwakuta watu wa Lango Baya jua likiwaka na anga ikiwa nyeupe. Siku hizo kadhaa ndizo muhula tuliopewa, na mara nyingi tunaupoteza kwa kubishana kama mvua itanyesha hapa au haitanyesha.

Jambo la pili ni bamvua. Mwezi unapoandama na unapofika kumi na tano bahari hujaa kupita kawaida, na maji ya mto yakiteremka wakati huo huukuta mlango umezibwa na bahari, yakarudi nyuma na kutandaa mashambani; mitaro ya mjini nayo haimwagi kitu mpaka maji ya bahari yashuke. Mto uleule, kwa kina kilekile, ukija wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa kidogo tu, hupenya bila taabu kubwa. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania tarehe 4 Mei 2024, tulikuwa katika siku za mwisho za Mfungo Mosi, yaani mwezi wa Shawwal, kwenye maji mafu, na mwezi ulikuwa umebakisha siku nne kuandama. Lau kingalichelewa siku chache kikaja na bamvua, mto nao umejaa maji ya bara, sidhani kama Mkulima angalikuwa anauliza habari za pampu.

Kalenda ya mwezi imetundikwa ukutani mwa nyumba nyingi hapa Malindi. Sijaelewa kwa nini kamati za majanga zinausoma utabiri wa mvua peke yake bila ya kuuweka kando ya kalenda hiyo.

Mwana wa Ganda

Namuunga mkono mzee wetu Karani katika suala la fedha, lakini ameuruka mlango wa pili, nao ndio unaowafunga watu: ununuzi. Kuwa na fedha si kuwa na lori. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015, katika kifungu cha 103, inaruhusu kununua moja kwa moja bila zabuni pale panapokuwa na janga la kimaumbile au haja ya haraka, kwa sharti kwamba hali iliyoleta haraka hiyo haikuweza kutazamiwa na ofisi inayonunua, wala haikutokana na uzembe wake. Sasa hebu tuyaweke pamoja. Utabiri wa msimu hutolewa kabla ya masika kuanza, na kila mtu anajua kwamba mvua za Aprili na Mei ndizo kubwa kwetu. Kadiri gavana anavyotangaza mapema kwa kuutegemea utabiri huo, ndivyo anavyokiri kwa maandishi kwamba jambo lilitazamiwa, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akija mwakani atauliza kwa nini maturubai hayakununuliwa kwa zabuni tangu Januari. Ofisa anayesaini hati hiyo anajua fika kwamba atakayejibu ni yeye, si gavana.

Njia ya kutoka ipo, nayo imo katika sheria hiyohiyo: makubaliano ya ununuzi ya muda maalumu, yasiyozidi miaka mitatu, ambayo kwayo bei ya lori kwa siku, ya boti, ya maturubai na ya dawa ya kutibu maji hupatanwa wakati wa jua, kwa ushindani, na siku ya hatari ofisa hupiga simu tu akaagiza. Hapo tangazo linakuwa na miguu.

Na hao wanaoitaja Marekani wasiishie katikati ya hadithi. Kabla ya kimbunga Katrina, gavana wa Louisiana alitangaza dharura tarehe 26 Agosti 2005, Rais wao akafuata tarehe 27, na kimbunga kikatua tarehe 29. Tangazo halikuchelewa. Hata hivyo zaidi ya watu 1,300 walikufa, na maelfu walibaki New Orleans kwa kuwa hawakuwa na magari ya kuondokea, huku mabasi ya shule ya mji huo yakizama yakiwa yameegeshwa kwa mistari uwanjani.

Muuguzi wa Mambrui

Nyongeza fupi. Mnazungumzia kuhama, lakini sisi tunaobaki na wagonjwa tunaogopa zaidi wiki zinazofuata, vyoo vya shimo vinapofurika na kuchanganyika na visima. Isitoshe, maji ya bomba ya Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa hutoka Baricho, ukingoni mwa Sabaki huohuo, kwa hiyo mafuriko makubwa ya mto yanaweza kukausha mifereji ya watu walio mbali nao kabisa, wakarudi kwenye visima hivyohivyo. Ikiwa tangazo la mapema litafanya dawa ya kutibu maji na dripu zifike zahanati za ng'ambo ya daraja kabla ya barabara kukatika, mimi nalitaka hata kama mvua itakuja kuwa manyunyu.

Mkulima wa Sabaki

Nawashukuru sana nyote. Nimefahamu kwamba mamlaka yapo na kwamba mkwamo uko kwenye maandalizi. Nabakiwa na moja: sisi wanakikundi wa ukingoni tukitaka jambo hili liandikwe badala ya kungojea hisani, twende kwa nani, na wakati gani? Kwa chifu tumekwenda, akatuambia kwamba lori si lake.

Karani Mstaafu

Chifu amewaambia kweli. Yeye yuko chini ya serikali ya kitaifa kupitia kamishna wa kaunti, na lori liko kwa kaunti. Anayewaamuru mhame na anayeweza kuwahamisha ni serikali mbili tofauti, na wasipoketi meza moja kabla ya msimu, hawatakutana siku ya maji. Barua yenu iwaendee wote wawili.

Kwa upande wa kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti, kwa hiyo msitegemee mwakilishi wadi awasemee kwa mdomo. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ombi likifika Mei, masika yakiwa juu yenu, mtapewa pole. Lipelekeni Agosti.

Andikeni machache yanayopimika. Alama za kina zichorwe kwenye nguzo ya daraja la Sabaki, na nyingine huko juu Lango Baya, akiwapo mtu wa kuzisoma na kupiga simu. Itajwe alama ambayo maji yakiigusa, tangazo hutolewa bila ya kikao kingine, na alama ya chini zaidi kwa siku za bamvua, kama alivyotufahamisha Nahodha. Yatajwe makubaliano ya ununuzi aliyoyaeleza Mwana wa Ganda, pamoja na idadi ya lori na mahali zitakapoegeshwa. Mwishoni wekeni majina na saini za wanakikundi, na nakala moja ibaki kwenu ikiwa na mhuri wa ofisi iliyoipokea.